Tone moja kabla ya bomba: mwongozo kamili wa kupima jinsi jani linavyolowa

Msimu wangu wa kwanza wa kabichi nilipiga dawa mara tatu, na viwavi wakaendelea kula kama hawajaambiwa kitu. Nikaapa kwamba dawa ni feki. Mara ya nne niliinama, bomba likiwa bado mgongoni, nikaangalia jani kwa karibu. Vitone vilikuwa vinatua, vinajikunja kuwa shanga, vinabingirika hadi ukingoni na kudondoka. Udongo kuzunguka shina ulikuwa umelowa chapachapa. Jani lilikuwa kavu. Pesa yangu yote ilikuwa inawanywesha minyoo ya ardhini.

Dawa feki zipo, sikatai. Lakini kabla ya kumlaumu muuzaji, liulize jani kwanza. Swali lenyewe linagharimu tone moja la maji na dakika kumi, na majibu yake hutofautiana kwa zao, kwa umri wa jani, hata kwa upande wa juu na wa chini wa jani hilo hilo.

Kinachokataa maji

Jani lina ngozi ya nje iitwayo kutikula. Msingi wake ni kutini, ambayo ni wavu wa asidi za mafuta zenye kaboni 16 au 18 zilizofungwa pamoja. Ndani ya wavu huo na juu yake kuna nta. Molekuli za nta ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, mingi ikizidi kaboni 20. Kwenye kabichi mnyororo unaotawala una kaboni 29: upo ulio mtupu kabisa, uitwao nonakosani, na wapo ndugu zake wenye oksijeni moja katikati.

Molekuli za maji hupenda kushikana mikono zenyewe kwa zenyewe, na hushika kitu kingine pale tu kinapokuwa na mahali pa kushikia, hasa penye oksijeni au naitrojeni. Mnyororo wa nta hauna sehemu hiyo, au inayo moja iliyofichwa katikati. Kwa hiyo tone likitua juu ya nta hujivuta ndani na kuwa duara, kama mgeni aliyekosa kiti akajikunyata kwenye mkeka.

Hata hivyo nta peke yake haitoshi. Ukimwaga mshumaa ulioyeyuka juu ya kioo ukapoa ukawa laini, tone la maji juu yake litanyanyuka kiasi tu. Pembe yake, pale ukingo wa tone unapokutana na nta, itafika kama nyuzi 110 na kukomea hapo. Jani la gimbi hupita 150. Tofauti iko kwenye umbo: juu ya gimbi kuna vinundu vidogo sana, na juu ya vinundu hivyo kuna fuwele za nta zilizo ndogo zaidi. Tone hukaa juu ya ncha hizo kama mtu aliyelala juu ya brashi, na chini yake kuna hewa. Wanasayansi Cassie na Baxter walieleza hesabu ya jambo hilo mwaka 1944. Mwaka 1997 Wajerumani wawili, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, wakaonyesha kwamba hiyo ndiyo sababu majani ya lotasi hubaki safi hata yakiota matopeni, kwa kuwa tone linalobingirika hubeba vumbi lote.

Sisi tuliokulia kwenye magimbi (Unguja utasikia majimbi, Kenya nduma) tulikuwa tunajua hivyo bila kuambiwa. Tulikuwa tunachezesha tone kwenye jani kama zebaki, tunashindana nani atalizungusha muda mrefu bila kulidondosha. Ukitaka kuona usafi wenyewe, nyunyizia majivu kidogo juu ya jani la gimbi, kisha dondosha maji. Tone litapita likikusanya majivu na kuacha barabara safi nyuma yake.

Vifaa

Simu yenye kamera, bomba la sindano la insulini la nusu mililita, rula, karatasi nyeupe, utepe wenye gundi pande mbili, kiberiti, ndoo ya maji safi na daftari. Sindano iwe mpya, na ukimaliza usiitupe ovyo ikachoma watoto. Nachagua ya insulini kwa sababu ya vipimo vyake: kwenye zile za kawaida zilizoandikwa U-100, yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita, yaani mikrolita 10. Nusu yake ndiyo tone tunalolitaka. Tone kubwa hubonyezwa na uzito wake lenyewe na kukudanganya kwamba jani linalowa.

Hatua ya 1: Chuma majani bila kuyashika

Hapa ndipo wengi huharibu kazi kabla haijaanza. Ule unga mweupe wa kibuluu juu ya kabichi, kitunguu au njegere ndiyo nta yenyewe, na kidole kimoja kinatosha kuufuta. Shika jani kwa kikonyo tu. Chuma jani changa, la katikati na la chini kabisa, kutoka kwenye miche mitatu tofauti. Jani la zamani limesuguliwa na upepo, vumbi na mvua, na mara nyingi hulowa kwa urahisi kuliko changa. Ukipima la nje pekee ukadhani umelijua shamba zima, moyo wa kabichi, ambako viwavi wanapenda, utakushangaza.

Yapeleke kivulini na uyapime ndani ya saa moja. Jani lililonyauka lina mikunjo, na mikunjo hubadilisha kila kitu.

Hatua ya 2: Piga picha ya tone

Kata kipande cha jani chenye upana wa kidole, ukikwepa mshipa mkuu. Kibandike juu ya kiberiti kwa ule utepe wa gundi, upande unaoupima ukitazama juu, ukingo wake ukilingana na ukingo wa kiberiti. Weka karatasi nyeupe nyuma, mwanga utokee huko. Simu ikae sawasawa na uso wa jani, isitazame kutoka juu. Usiisogeze karibu mno. Irudishe nyuma kidogo halafu kuza picha mara mbili. Lenzi ya simu ikiwa karibu sana hupotosha umbo la tone.

Sukuma sindano taratibu mpaka tone lining'inie kwenye ncha, kisha shusha ncha hadi tone liguse jani, halafu inua. Kwenye jani la maharage tone litahamia jani mara moja. Kwenye gimbi utahangaika: tone litakataa kuachia sindano, utaliona linainuka tena na ncha kana kwamba jani limepakwa moto. Usikasirike, hilo lenyewe ni jibu, liandike. Ongeza maji kidogo mpaka uzito ulivute chini.

Piga picha ndani ya nusu dakika. Rudia matone matano, sehemu tano tofauti. Tone moja halisemi chochote.

Hatua ya 3: Pima pembe

Pembe tunayoitafuta ni ile iliyo ndani ya maji, pale ukingo wa tone unapokutana na jani. Wanafizikia huiita pembe ya mgusano, na hesabu yake inarudi kwa Mwingereza Thomas Young mwaka 1805. Huhitaji programu yoyote. Fungua picha, weka rula juu ya kioo cha simu, pima vitu viwili: kimo cha tone, na upana wa sehemu inayogusa jani. Gawa kimo kwa upana.

Uwiano ukiwa 0.13, pembe ni nyuzi 30. Ukiwa 0.29, ni 60. Ukiwa 0.5, ni 90 kamili, tone ni nusu ya mpira. 0.87 ni nyuzi 120, na 1.87 ni 150. Mwenye kikokotoo cha sayansi apige mara mbili ya tan⁻¹ ya (2 × kimo ÷ upana). Mfano: kimo milimita 18 kwenye kioo, upana wa chini milimita 14. Hiyo ni karibu nyuzi 137, jani linalokataa maji vilivyo.

Angalia usipime tumbo la tone badala ya unyayo wake. Tone likizidi nyuzi 90, tumbo lake hutokeza nje na kuficha pale linapogusa. Mtu akipima tumbo, kabichi humtokea kama ni jani la kawaida tu. Nimeona kosa hili kwenye daftari za wanafunzi kuliko kosa lingine lolote.

Chini ya 90 tunasema jani linalowa. Kati ya 90 na 150 linakataa. Juu ya 150 halitaki hata kuguswa.

Hatua ya 4: Liinamishe

Pembe kubwa haimaanishi kila mara kwamba tone litaondoka. Yapo maua, waridi mojawapo, ambayo tone husimama juu yake kama lulu, ukigeuza ua kichwa chini linabaki limening'inia. Kwa hiyo inua upande mmoja wa kiberiti polepole huku simu nyingine ikikusomea mteremko, au pima kwa rula kimo kilichoinuka. Andika ni nyuzi ngapi tone lilipoanza kutembea.

Gimbi zima halihitaji hata nyuzi 10. Kwa mpiga dawa, namba hii ina maana kuliko ile ya hatua ya tatu, maana shambani jani halilali mezani. Jani la kitunguu limesimama wima, la kabichi limeinama kama bakuli, la mhindi limepinda. Jiulize: kwa mteremko ambao jani hili linao kwenye mmea, tone linabaki au linaondoka?

Hatua ya 5: Lisugue, lizamishe

Hatua hii haina namba, lakini ndiyo inayomshawishi mkulima asiyeamini. Chukua jani la kabichi lenye unga wake. Kwa pamba kavu, sugua taratibu mduara mdogo, ukubwa wa sarafu, mpaka rangi igeuke kutoka kibuluu kuwa kijani kinachong'aa. Sasa lizamishe jani zima kwenye ndoo na litazame kwa kulala.

Sehemu isiyosuguliwa itang'aa kama fedha ndani ya maji. Hiyo ni hewa iliyonaswa kati ya fuwele za nta, inayorudisha mwanga kama kioo. Mduara uliousugua utaonekana mweusi tii katikati ya fedha hiyo, kwa sababu pale hewa haipo tena na maji yamefika kwenye ngozi. Litoe: jani lote litatoka kavu, isipokuwa mduara wako uliobaki na utando wa maji.

Mzee mmoja jirani yangu alizamisha lile jani mara nne mfululizo, kisha akasema tu, "Kumbe lina koti." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Msuguo huo ubaki mezani lakini. Usije ukaenda kusugua kabichi shambani ili dawa ishike; koti hilo ndilo linalozuia jani kupoteza maji, na ndilo linalowapa taabu vimelea.

Hatua ya 6: Tafuta kipimo cha sabuni

Maji safi yana mvutano wa uso wa takriban milinewtoni 72 kwa mita. Sabuni huushusha hadi 30 hivi. Vitandaza vya silikoni vinavyouzwa kwenye maduka ya pembejeo hushuka hadi juu kidogo ya 20, ndiyo maana tone lake hutambaa kama mafuta. Mvutano ukishuka, tone haliwezi tena kujikunja, linazama kati ya zile fuwele na kulishika jani.

Chukua chupa nne za lita moja, ujaze maji yale yale utakayotumia kwenye bomba. Ya kwanza usiweke kitu. Ya pili weka sabuni ya maji nusu mililita, ya tatu mililita moja, ya nne mbili. Bomba lile lile la sindano litakupimia. Hakuna dawa yoyote kwenye jaribio hili, na hivyo unaweza kulifanya nyumbani bila hofu.

Dondosha tone la kila chupa kwenye kipande kipya cha jani, ukiliinamisha kwa mteremko wake wa shambani. Unatafuta kipimo kidogo kabisa ambacho tone linashika na kutanda bila kuchuruzika. Ukishakipata, simama hapo. Sabuni ikifikia kiwango fulani majini, molekuli zake huanza kujikusanya vifungu vifungu, na mvutano haushuki tena hata uongeze kijiko. Kinachoongezeka ni povu, na hatari ya kuunguza jani.

Kama ni mililita moja kwa lita, bomba la lita 16 linahitaji mililita 16, yaani kijiko cha chakula na tone juu.

Kuhusu sabuni yenyewe nina msimamo. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu ya kisima hufanya mabonge meupe yanayoziba nozeli, na inaongeza ubese (kinyume cha asidi) majini. Baadhi ya viuatilifu, malathioni kwa mfano, huvunjika haraka kwenye maji yenye ubese. Sabuni ya unga ina vikorombwezo visivyohusu shamba. Kama uwezo upo, nunua kitandaza kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na ufuate kibandiko. Kama haupo, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiyo na dawa ya kung'arisha, inafaa. Usichanganye kitandaza na gundi ingawa dukani huitwa jina moja: cha kwanza hulaza tone, ya pili huifanya dawa isioshwe na mvua.

Na usome kibandiko cha dawa kabla ya yote. Dawa nyingi za maji yanayogeuka meupe kama maziwa zina vitandaza vyake ndani tayari, na zipo zinazokataza kuongezewa chochote.

Hatua ya 7: Peleka shambani

Jaza bomba maji kwanza, kisha dawa, koroga, sabuni iwe ya mwisho na ukoroge polepole ili isitoe povu. Vaa glavu na barakoa. Piga mimea kumi tu, rudi baada ya siku tatu. Kama ncha za majani hazijaungua, endelea na shamba.

Nozeli ni nusu ya kazi. Tone kubwa linakuja na kasi, linagonga nta na kuruka kama mpira, hata kama lingeshika vizuri ukiliweka kwa sindano. Kwa majani ya nta tumia nozeli ya matone madogo, lakini asubuhi kabla ya upepo, maana madogo hupeperuka. Subiri umande ukauke. Na ukiona majani yanaanza kuchuruzika umeshapitiliza, songa mbele.

Mazao yana tabia zake. Maharage na kunde hulowa vyema, mara nyingi sabuni haihitajiki kabisa. Kwenye nyanya na maboga kuna vinyweleo vinavyoweza kulibeba tone likabaki hewani. Hapo kitandaza husaidia kulishusha. Kwenye kitunguu tumia kitandaza kila mara, ila usisikitike sana na kinachoteremka shinani, kwa sababu vithiripi, wale wadudu wadogo, hujificha kwenye maungio ya majani, huko huko maji yanakoelekea.

Mahindi ndiyo yananifurahisha zaidi. Majani matano au sita ya kwanza yana unga wa nta na hukataa maji. Yanayofuata hung'aa na hulowa. Watafiti wa mahindi hutumia jambo hilo kutambua miche yenye kasoro ya nta: wananyunyizia kitalu maji, mche wa kawaida unabaki mkavu, wenye kasoro unajaa vitone. Kwa mpambanaji wa viwavijeshi vamizi, walioingia Tanzania mwaka 2017, maana yake ni kwamba mhindi mchanga hauhitaji kuogeshwa majani. Elekeza nozeli kwenye moyo wa mmea. Majani hayo yanayokataa maji yatafanya kazi ya mfereji, yakiteremsha matone mpaka alipo kiwavi.

Kwa kahawa swali linageuka. Mbegu za kutu ya majani, ambayo ni ugonjwa wa ukungu, huhitaji maji juu ya jani ili ziote, na huingia kupitia matundu madogo ya hewa ya upande wa chini. Pima pande zote mbili, na dawa ya kinga ielekee chini. Wengine huogopa kwamba kitandaza kitaliacha jani limelowa muda mrefu zaidi. Jaribu mezani: weka tone la maji matupu na tone la maji ya sabuni, ukubwa mmoja, kwenye jani moja, uangalie saa. Lililotanda hukauka kwanza, kwa kuwa limeipa hewa eneo kubwa zaidi.

Dakika kumi baada ya kupiga mstari wa kwanza, weka bomba chini, rudi na ugeuze majani matano. Angalia ukingo wa chini wa kila jani: kama kuna tone nono linaloning'inia pale wakati katikati ni kavu, hujamaliza hatua ya sita.